Bima ya Maskini Isiishie Nairobi



Kuna njia nyingi za kumnyima mwananchi haki yake. Ile tuliyoizoea zaidi katika eneo hili la Kaskazini Mashariki ni ya rungu, kizuizi cha barabarani na amri ya kutotoka nje. Iko nyingine isiyo na kelele, nayo ndiyo inayotukera leo. Haki huandikwa katika sheria, hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, hutengewa fedha bungeni, kisha mwenyewe haambiwi. Akifa kwa kuikosa, husemwa kwamba alichelewa kufika hospitalini.

Tunazungumzia bima ya afya ya serikali, hususan ile sehemu yake iliyokusudiwa wasiojiweza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ule mfuko wa zamani, NHIF, haupo tena. Mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kwa herufi zake SHA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2023. Mijini jambo hili limepigiwa kelele hadi watu wakachoka nalo. Mwenye ajira analijua kwa uchungu, maana kila mwezi asilimia 2.75 ya mshahara wake hukatwa kabla hajaugusa. Lakini nenda Suuq Mugdi, pale mjini Garissa, umuulize mama auzaye maziwa aliyoyaleta alfajiri kutoka maziwani mwa ngamia wa jirani zake. Au nenda Bula Punda umuulize kijana asukumaye mkokoteni wa maji. Muulize ni huduma gani anayostahiki bila ya kulipa senti. Twahofia jibu utakalopata ni kwamba SHA ni kodi nyingine ya wakubwa.

Hatumlaumu anayejibu hivyo. Serikali ilipotaka kumweleza, ilimweleza kwa Kiingereza, kwa televisheni, na kwa nambari ya simu ambayo humtaka awe na kitambulisho, awe na mtandao na awe anajua kusoma. Mtu wa Hulugho au wa Balambala huvikosa vyote vitatu kwa siku moja.

Basi na tuyaseme sisi, kwa lugha inayoeleweka, yale ambayo ofisi zilipaswa kuyasema.

Sheria ya 2023 iliunda mifuko mitatu, na kuichanganya ndiko kunakowapoteza watu. Wa kwanza ni Mfuko wa Afya ya Msingi, na fedha zake hutoka serikalini. Huu ndio ulipao huduma katika zahanati na vituo vya afya. Mtu akisha kusajiliwa anastahiki kutibiwa huko bila ya kulipa chochote, awe amewahi kuchangia au hajawahi. Msomaji na alirudie jambo hili mara mbili, maana ndilo linalofichika kuliko yote: kwa zahanati, usajili unatosha. Mama mwenye mtoto anayehara, mzee mwenye kikohozi, mtu wa malaria, hawa hawadaiwi mchango wa mwaka ndipo watibiwe.

Mfuko wa pili ndio Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, unaolipia kulazwa, upasuaji na mengineyo ya hospitali. Huu ndio unaodai mchango. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, akaambiwa atoe kiasi gani, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kuzitoa za mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Wa tatu ni mfuko wa dharura na wa magonjwa sugu na mahututi, ambao hushika pale wa pili unapofikia kikomo.

Na liko la nne, ambalo si mfuko bali ni wajibu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba nyumba ikipimwa ikaonekana haina uwezo, mchango wake utalipwa na serikali. Si hisani ya mbunge, wala si fungu la chifu. Mwezi Oktoba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia wananchi milioni 2.2 kote nchini. Swali letu, ambalo tutalirudia hadi lijibiwe, ni hili: kati ya hao, ni wangapi wa Garissa, wangapi wa Wajir, wangapi wa Mandera, na ni nani aliyewachagua?

Tunauliza kwa sababu tumeyaona haya zamani. NHIF ilianzishwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilikuwa bima ya mwenye hati ya mshahara. Mfugaji hakuwamo katika fikira za walioitunga, kama vile hakuwamo katika ile karatasi ya serikali ya mwaka 1965, Nambari 10, iliyoamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kule kunakozaa haraka. Mwezi Desemba 1989, enzi za chama kimoja, serikali ilianza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake chini ya ule mpango ulioitwa wa kuchangia gharama, kwa ushauri wa wakopeshaji wa kigeni. Malipo yalisitishwa kwa sehemu mwaka uliofuata, kisha yakarejeshwa. Mwaka 2004 Waziri Charity Ngilu alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote, bunge likaupitisha, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka huo huo zahanati ziliamriwa kutoza shilingi 10 na vituo vya afya shilingi 20. Mwezi Juni 2013 hata hizo zikafutwa, na kujifungua katika hospitali za umma kukatangazwa kuwa bure. Kisha ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF.

Ndani ya mlolongo huo lipo jambo moja ambalo wapigania haki hawana budi kulikumbuka. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwalipia bima baadhi ya maskini waliotolewa katika orodha za misaada ya fedha, wenye kulea mayatima, na baadaye wazee na wenye ulemavu mkubwa. Watafiti walioufuatilia mpango ule walikuta watu waliokuwa wamelipiwa na hawajui. Mtu ana bima, jina lake limo katika kitabu, serikali imeandika hundi, naye anauza mbuzi wa mwisho ili amtibu mtoto! Fedha zilitoka hazina zikafika kwa mfuko. Kilichokosekana ni habari tu, na habari ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika mpango mzima.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kuhamasisha umma ni kazi ndogo, ya mabango na fulana. Kwa maskini, kujua ndiyo nusu ya bima yenyewe.

Lakini kujua pekee hakutoshi pale mlango ulipofungwa kwa kufuli, na hapa Kaskazini Mashariki kufuli hilo lina jina: kitambulisho. Kujisajili kwa nambari *147# huanza na nambari ya kitambulisho. Asiyekuwa nacho hana pa kuanzia, na watoto wake, ambao husajiliwa chini yake, hubaki nje pamoja naye.

Wasomaji wetu wa mikoa mingine huenda wakashangaa kwamba tunalitia jambo la kitambulisho ndani ya mjadala wa matibabu. Wa hapa hawashangai. Tangu mwisho wa mwaka 1963 eneo hili lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991, mwaka ule ule kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikaruhusiwa tena. Kabla ya hapo, mwezi Novemba 1989, Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kujipanga foleni wachujwe, na waliopita wakapewa kadi nyingine ya kuchukua pamoja na kitambulisho. Kijana wa Nyeri alipotimiza miaka 18 alikwenda kwa chifu akapewa kitambulisho. Kijana wa Garissa alikwenda mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama, akaulizwa babu wa babu yake alizikwa wapi. Tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba mchujo huo wa ziada umekomeshwa. Twalipokea tangazo hilo kwa furaha. Twalipokea pia kwa macho makavu, kwani matangazo tumeyasikia mengi, na karani wa dirishani aghalabu huwa hajasikia.

Liko na kundi lililonaswa katika mtego mwingine. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianza kufunguliwa mwaka 1991. Ukame uliporudi na kurudi, familia za Wakenya wa Lagdera, Fafi na Dadaab, zilizokuwa zimepoteza mifugo, zilikwenda kambini zikajiandikisha ili zipate unga na matibabu. Wengine walikuwa watoto, waliandikishwa na wazazi wao. Walipokuwa watu wazima na kwenda kutafuta vitambulisho, mashine iliwatambua vidole vyao na kusema ni wakimbizi. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 40,000 waliingia katika tanzia hiyo. Wengine wamekwisha kuondolewa katika orodha za wakimbizi baada ya miaka ya mashauri, wengine wangali wanangoja. Hebu tafakari, ndugu: walikwenda kambini kwa kuwa taifa lao halikuwa na zahanati ya kuwatibu, na leo hawawezi kusajiliwa kwa matibabu ya taifa lao kwa sababu walikwenda kambini.

Kwa hiyo mtu yeyote atakayekuja kufanya kampeni ya bima hapa bila ya kuleta pamoja naye afisa wa vitambulisho na afisa wa vyeti vya kuzaliwa, huyo anapoteza mafuta ya gari. Yafaa ofisi hizo tatu zitembee pamoja, zikae siku mbili tatu katika kisima au soko la mifugo, na zitangaze mapema siku ya kufika.

Kuna waliotutangulia katika fikira hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Wajir mwanamke Mtaliano, Annalena Tonelli, mwenye shahada ya sheria, asiyekuwa daktari wala mtawa. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji, na wataalamu walisema kwamba mhamaji hatibiki, maana humeza dawa kwa wiki mbili kisha akafuata malisho. Tonelli hakuhubiri juu ya ukaidi wa wahamaji. Aliwapokea wagonjwa pamoja na jamaa zao katika manyatta walizozijenga wenyewe kandokando ya mahali pa tiba, wakakaa humo miezi hadi dozi ikaisha, huku akiwaona wakimeza kila siku. Mwaka 1976 Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi mradi wa majaribio wa kuwatibu wahamaji kwa njia hiyo, na utaratibu wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu ukaja kukubaliwa kote ulimwenguni. Alilazimika kuondoka Kenya baada ya kupaza sauti juu ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Aliuawa Borama, huko Somaliland, tarehe 5 Oktoba 2003. Tunamtaja kwa sababu ya jambo moja tu: hakumtaka mfugaji awe karani ndipo apone. Huduma ndiyo iliyojifunza maisha ya mgonjwa.

Linganisha na kipimo cha uwezo cha leo. Mfugaji hana mshahara wa mwezi. Fedha humjia anapouza mnyama, na huuza anapobanwa. Kumtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo ni kumtaka auze mnyama kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaja, na huenda msimu huo bei imeanguka. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika kaunti kame za nchi hii. Mtu aliyekuwa na ngamia thelathini akabaki na wanne, je, ni tajiri au ni maskini? Kipimo chochote kitakachohesabu mifugo bila ya kuuliza habari ya ukame kitamwita tajiri mtu anayelala njaa. Ni kweli kwamba umeanzishwa utaratibu wa kukopeshwa mchango na kuulipa polepole. Kwa mwenye duka ni msaada. Kwa mtu wa Liboi ni deni jingine.

Na tufike kwa akina mama, maana hapa ndipo kutojua kunapogeuka kaburi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, iliyowahesabu wakazi 841,353 katika kaunti ya Garissa, kati ya kila watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai kaunti hii ilipoteza akina mama 641. Wastani wa taifa ulikuwa 355. Katika kaunti zote 47, yetu ilikuwa ya kwanza kwa orodha hiyo ya msiba. Chini ya Linda Mama, mama alijifungua bila ya kuulizwa mchango. Mpango huo umekufa pamoja na NHIF, na gharama za kujifungua sasa huingia katika ule mfuko wa pili, unaohitaji michango iliyolipwa. Mama wa Masalani aliyejifungua bure mtoto wa kwanza na wa pili, nani amemweleza kwamba kwa huyu wa tatu mambo yamegeuka? Atalijua lini, siku ya uchungu? Twasema bila ya kumung'unya maneno: mama mjamzito asiyejiweza ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza katika orodha ya wanaolipiwa na serikali, na mhudumu wa afya wa jamii aliyepewa begi na simu mwaka 2023 ndiye wa kumwandikisha, mlangoni kwake, mimba ikiwa bado changa.

Na ikiwa uchungu umemshika na hajasajiliwa? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi mtu aliyesajiliwa. Inasema mtu. Wanaharakati wetu na walijue hilo kwa moyo, walitamke kwa adabu lakini kwa sauti, mbele ya dirisha lolote la malipo.

Tusiwadanganye watu, hata hivyo. Kampeni ya kweli husema na mabaya. Hospitali nyingi za makanisa na za watu binafsi ziliachwa na madeni ya NHIF yanayofikia takriban shilingi bilioni 30, na baadhi zimewahi kukataa wagonjwa wa SHA kwa kutolipwa. Mashine za usajili huzimika. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali aliripoti mwaka 2025 kwamba mtambo wa kompyuta unaoendesha mpango wote huu, wa thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 104, si mali ya serikali. Mahakama Kuu iliwahi kuibatilisha sheria yenyewe mwezi Julai 2024, na Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo mwezi Septemba. Wakubwa hupenda kutaja idadi ya waliosajiliwa, ambao kufikia katikati ya 2025 walikuwa wamezidi milioni 20. Twajua namna ya kuhesabu: kusajiliwa ni jambo moja, kulipiwa ni jambo la pili, na kukuta muuguzi na dawa mahali pa tiba ni jambo la tatu.

Hili la tatu ni la kaunti, si la Nairobi. Ugatuzi uliipa serikali ya Garissa zahanati, wauguzi na ununuzi wa dawa. Sheria nyingine ya mwaka 2023 inasema kwamba fedha ambazo kituo cha afya kinapata zibaki katika kituo hicho. Basi wanakijiji wakijisajili na kutibiwa, Mfuko wa Afya ya Msingi ukalipa, kamati ya zahanati ina haki ya kuuliza: zimefika ngapi, na zimenunua nini? Tungependa kuona kamati moja, hata moja tu, ikibandika hesabu zake mlangoni. Ingetufundisha demokrasia zaidi ya mikutano kumi ya hadhara.

Bila shaka waheshimiwa watataka kuigeuza bima kuwa zawadi yao. Tumewazoea. Mtu hulazwa, jamaa hupitisha mchango, mheshimiwa hutuma bahasha, na picha hupigwa. Sasa tumeanza kuona magari ya usajili yakiwa na picha za waheshimiwa. Mwananchi na ajue kwamba mheshimiwa hampi chochote. Kilicho chake kinatoka katika kodi ya sukari na ya mafuta ya taa aliyoilipa mwenyewe. Wizara ya Afya ilikabidhiwa mwaka 2025 kwa mwana wa Garissa, Aden Duale, aliyekuwa mbunge wa mji huu kwa miaka mingi. Hilo halitupi haki ya kupendelewa. Linatunyima udhuru wa kusema kwamba Nairobi haitujui.

Sasa neno kwa waumini, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hukutana nalo gazeti hili mlangoni mwa kanisa. Makanisa ya Garissa yamejaa walimu, wauguzi, polisi na makarani, watu wa hati ya mshahara. Humo humo, viti vya nyuma, hukaa dada wa kazi za nyumbani, mwashi, mpishi wa mkahawa, mchuuzi wa mitumba. Wa mbele hukatwa SHIF na anajua. Wa nyuma hajui hata kwamba yumo. Msamaria mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimpeleka yule mtu katika nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kwa maneno ya siku hizi, alimwandikisha na akamchangia. Je, ni jambo kubwa mno, muuguzi wa parokia akipewa dakika tano baada ya matangazo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi? Ni jambo kubwa, vijana wenye simu wakikaa chini ya mwarobaini baada ya ibada na kuwasajili wazee? Hati ya mshahara ya mmoja inaweza kulinganishwa na mchango wa jirani yake, na hapo ndipo ndugu wawili watakapoweza kuchanganya shilingi 3,600.

Wala kazi hii isiwe ya kanisa peke yake. Wakristo ni wachache hapa, na tumekwisha kuzika watu wengi: tarehe 1 Julai 2012 makanisani, tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa ambako 148 waliuawa. Majeraha hayo hayajapona, na hatutaki yeyote atuambie tusahau. Lakini twakumbuka pia basi lile lililosimamishwa karibu na El Wak mwezi Desemba 2015, Waislamu waliokuwamo wakakataa kujitenga na Wakristo ili hawa wauawe, na mwalimu Salah Farah, Mwislamu, akapigwa risasi na kufa kwa jeraha hilo mwezi uliofuata. Baada ya hayo, tutashindwaje kukaa meza moja na imamu tukaandika majina ya wagonjwa? Msikiti una umati kila Ijumaa kuliko tutakaoupata sisi kwa mwaka. Duksi zinajua kila mtoto wa mtaa. Redio za Kisomali, Star FM ikiwa mojawapo, hufika kule ambako gazeti hili halitafika kamwe. Habari hizi tuzitafsiri kwa Kisomali sanifu kinachoeleweka na bibi mzee, na wenzetu wa kando ya Mto Tana, Wamunyoyaya na wengineo, wasisahauliwe kwa kuwa ni wachache.

Tumeamua kuanza na la kwetu. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuiandikia ofisi ya umma na kudai maelezo. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa jambo lagusa uhai wa mtu. Tumewaandikia SHA na idara ya afya ya kaunti, kwa Kiswahili. Tumeuliza mambo manne: majina ya zahanati na vituo vya afya vya Garissa vilivyotia sahihi mkataba na mamlaka, idadi ya nyumba za kaunti hii zinazolipiwa na serikali, orodha hiyo ilitungwa na nani na mtu aliyeachwa akate rufaa wapi, na fedha zilizolipwa kwa kila kituo kutoka Mfuko wa Afya ya Msingi tangu Oktoba 2024. Barua yetu tutaichapa katika toleo lijalo pamoja na jibu. Lisipokuja, tutachapa barua na tarehe ambayo siku 21 zilikwisha.